Miwani Namba Tisa

Kwenye boti yetu wageni walihesabiwa kwa miwani. Utaratibu huo niliubuni mimi, na nilijisifia nao mpaka watu wakachoka kunisikia.

Mwanadamu hahesabiki, nilikuwa nikisema. Unaanza nyuma ya boti unakwenda mbele: mmoja yuko chooni, mwingine amejilaza juu ya paa, maharusi wamejifungia chumbani na hawataki kubishiwa hodi. Unapata kumi. Unarudia, unapata kumi na watatu, na wageni ni kumi na wawili. Miwani ya maji haina mambo hayo. Nilimwambia mume wangu anipigilie ubao karibu na ngazi ya kushukia majini, wenye misumari kumi na miwili, nikaandika namba kwa rangi nyekundu, na kila mgeni akawa na miwani yake na mrija wake wa kupumulia tangu siku ya kwanza. Ukitoka majini unatumbukiza vyako kwenye beseni, mimi nasuuza, natundika. Misumari ikijaa, watu wametimia. Ukiwapo hata mmoja mtupu, tunangoja.

Nahodha hakuupenda utaratibu huo. Nahodha ni kaka mkubwa wa mume wangu, na mume wangu ndiye fundi wa injini, kwa hiyo mnaona wenyewe kwamba ugomvi wa boti ulikuwa ugomvi wa nyumbani. "Shemeji, hesabu vichwa," aliniambia kila safari. "Miwani haifi maji." Nilimjibu kwamba vichwa vingine havina kitu ndani, kuvihesabu ni kupoteza muda. Mume wangu alicheka mpaka akadondosha spana. Misimu mitatu ikapita, hatukumwacha mtu hata mmoja, na kichwa changu kikazidi kuvimba.

Safari ile ilikuwa ya siku tano, katika visiwa ambavyo havina mtu, havina kisima wala mtandao wa simu. Ni mchanga, vichaka na ndege. Wageni hulala kwenye boti, na kila siku tunawashusha majini mara mbili au tatu watazame matumbawe na samaki. Kati ya wale kumi na wawili, mmoja alikuwa amekuja peke yake: mama wa miaka sitini na kitu, mkunga mstaafu, tuliyemwita Bibi Mkunga tangu alipopanda. Wanawe walikuwa wamemlipia safari kama zawadi ya kustaafu. Alijifunza kuogelea akiwa na miaka hamsini na minane, na aliniambia hivyo kwa aibu kidogo, kama anayekiri kosa. Wengine waliniita "dada wa miwani". Yeye peke yake aliniita mwanangu, na yeye peke yake alisema asante kila nilipomkabidhi vifaa vyake. Nilimpenda. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani kilichotokea kilitokea kwa sababu sikumjali.

Asubuhi ya siku ya tatu tulitia nanga ndani ya ukuta wa matumbawe, karibu na mwamba mkubwa unaochomoza juu ya maji. Kijana wetu wa kuongoza wageni, ambaye sote tunamwita Pezi kwa kuwa anatembea vibaya na anaogelea vizuri, aliwakusanya wageni akawaonyesha uwazi katika ukuta ule.

"Ule ndio mlango," alisema. "Saa nne maji yanaanza kupwa, na yakipwa yanatokea pale, kwa nguvu. Kwa hiyo msivuke mwamba mkubwa. Na likitokea la kutokea, maji yakakuchukua, usishindane nayo, utachoka bure. Lala chali. Jaketi litakubeba, sisi tutazunguka na boti tukupokee kule nje."

"Na msiponiona?" aliuliza bwana mmoja aliyefanya kazi ya bima na ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa akikagua kamba za majaketi.

"Bwana, wewe hatutahitaji kukuona. Tutakusikia tu."

Watu wakacheka, naye akacheka, wakaanza kushuka. Bibi Mkunga alikuwa wa mwisho. Alipoivuta kamba ya miwani yake nyuma ya kichwa, ikakatika mkononi mwake. Alitaka kuacha kabisa, akasema atabaki anitazame nikimenya viazi. Nikamwambia mama, hukuja kote huku kutazama viazi. Nikafungua sanduku nikamtolea miwani ya akiba, nyeusi, isiyo na namba, nikamkaza kamba mwenyewe. Akashuka ngazi kinyumenyume, taratibu, akainua mkono kunipungia.

Nikabaki na ile iliyokatika. Namba tisa. Ningeweza kuiweka mezani, sandukuni, mfukoni, popote. Lakini mimi ni mtu wa kila kitu mahali pake. Mama mkwe wangu husema ningeweza kupanga hata punje za mchele kwa urefu. Nikaitundika kwenye msumari wake na kurudi kwenye viazi vyangu.

Saa nne na nusu walirudi, wote kwa mpigo, wakipiga kelele za kasa na pweza, wakimwaga maji kila mahali. Beseni likajaa. Nilisuuza, nikatundika, nikasuuza, nikatundika. Nahodha alizima muziki anisikie. Injini ilikuwa haijawashwa na bahari ilikuwa imetulia kiasi kwamba sauti yangu ilirudi kutoka kwenye mwamba. Nilihesabu kama ninavyohesabu siku zote, kwa kupaza sauti na kugusa kila miwani kwa kidole, kutoka moja mpaka kumi na mbili. Kidole changu kiligusa namba tisa. Ilikuwa kavu, na sikuona.

"Wametimia?" aliuliza Pezi, akivua mapezi.

"Wametimia."

Mume wangu akawasha injini, tukang'oa nanga, tukatoka kwa mlango mwingine wa ukuta, wa kusini, kuelekea kisiwa kingine.

Njiani nilipita mbele ya chumba cha Bibi Mkunga. Pazia lilikuwa limefungwa. Siku mbili zilizotangulia alikuwa akilala baada ya kuogelea mpaka wakati wa chakula, na maharusi walikuwa wamekaa mlangoni pake wakicheka kwa sauti. Nikawakemea. "Punguzeni kelele," niliwaambia, "mama wa watu amelala."

Saa sita kasoro robo nilikuwa nimemaliza jikoni. Nikasema ngoja nimtengenezee miwani yake akiamka aikute. Nikachukua koleo na kipande cha waya, nikaishusha namba tisa. Kioo kilikuwa na vumbi la chumvi ya jana. Nikaigeuza, nikaona kamba iliyokatika, na bado akili yangu haikufika. Nilikuwa nikijiuliza tu kwa nini sikuisuuza. Kisha nikatazama kwenye beseni niione ile nyeusi. Haikuwepo. Nikatazama sandukuni. Haikuwepo.

Nikakimbia. Nilivuta pazia la chumba chake: kitanda kimetandikwa, kitabu juu ya mto. Nikapiga mlango wa choo kwa ngumi, akajibu bwana wa bima. Nikapanda paani. Nikashuka. Nikachungulia mpaka chumba cha injini, mahali ambapo mama wa miaka sitini hana la kufanya. Mume wangu aliniona uso, akapunguza mwendo wa mashine kabla ya kuuliza.

"Mama watoto, kuna nini?"

Nilimpita nikapanda kwa nahodha. "Shemeji, geuza boti. Bibi Mkunga hayupo."

"Hayupo wapi? Ulisema wametimia."

"Nilihesabu miwani iliyokatika. Yake. Niliitundika mwenyewe." Nilisema haraka ili nisipate nafasi ya kuyapamba. "Yeye amebaki majini."

Sijawahi kumwona mwanaume akizeeka mbele ya macho yangu isipokuwa dakika ile. Hakunitukana. Heri angenitukana. Alitazama saa, akatazama jua, midomo yake ikawa inahesabu. "Maji yanapwa tangu saa nne," alisema. "Ametoka kwa mlango. Yuko nje." Akazungusha usukani mpaka vyombo vikaanguka jikoni.

Wageni walipokuja juu kuuliza, aliwajibu bila kugeuka: "Kuna mgeni mmoja amejitenga na kundi. Tunarudi kumchukua." Nilisikia neno lile. Nikaliacha lipite, kwa sababu nilikuwa natazama maji, na kwa sababu lilinifaa.

Saa nzima ya kurudi sikukaa. Pezi alikuwa juu ya paa, akijisemea, "Nilimwona nyuma ya mwamba. Nilimwona. Nikajua anakuja." Alipochoka kujisemea, aliinama akaniambia mimi: "Nilikuuliza, dada." Kweli aliniuliza. Mume wangu alikuwa chini akiilazimisha injini kwa mwendo ambao si wake. Harufu ya mafuta ya moto ilijaa boti nzima. Niliomba dua zote ninazozijua, na zilipokwisha nikaanza kumwahidi Mungu mambo ambayo hata yeye angejua siwezi kuyatimiza.

Tulifika saa saba kasoro dakika kumi. Mwamba ulikuwa umechomoza mara mbili ya asubuhi, na kwenye mlango maji yalikuwa yakitoka kwa mkunjo kama nguo inayokamuliwa. Ndani hapakuwa na mtu. Nilimwita mpaka koo likauma. Sauti yangu ikarudi kutoka kwenye mwamba, ileile ya asubuhi, nikatamani kuziba masikio.

"Dumu," alisema nahodha.

Mume wangu alilijua jambo hilo. Baba yao aliwafundisha. Unachukua dumu la plastiki, unalitia maji kidogo kuliko nusu ili lielee limezama sehemu, kama mtu aliyevaa jaketi, na unalitupa pale alipoonekana mara ya mwisho. Kisha unalifuata. Bahari yenyewe itakuonyesha ilikompeleka. Tulilitupa dumu la njano nyuma ya mwamba. Lilizunguka mara mbili, likasitasita, likaingia mlangoni, likatoka nje kwa kasi iliyonifanya nishike ngazi. Nje halikwenda moja kwa moja kama tulivyodhani. Liligeuka kaskazini, likaambaa na ukuta, kisha likaanza kuachana nao taratibu kuelekea bahari kuu.

"Saa mbili na nusu," alisema nahodha, akikadiria kwa vidole. "Kwa mwendo huo yuko mbali." Akaielekeza boti kule lilikoelekea dumu na kuliacha nyuma.

Kila mgeni alipewa upande wake wa kutazama. Bwana wa bima alisimama mbele kabisa, hana kofia, upara unaungua. Maharusi walishikana mikono, na bibi harusi alikuwa analia bila sauti. Nadhani alikumbuka nilivyowanyamazisha. Tukaona ndege, tukaona kipande cha gogo, na kila kimoja kilitupandisha roho na kuishusha. Kisha Pezi akaruka majini bila kuaga na kurudi na pezi moja la mguu. La bluu. Saizi ndogo. Nilikuwa nimempa mimi. Nililipokea nikalishika kifuani, na hapo nilijua kabisa kwamba nimeua mtu. Sikuwaza kitu kingine. Niliwaza wanawe, waliochanga kwa ajili ya safari, na mimi nikiwa mlangoni kwao na pezi hili mkononi.

"Kule," alisema bwana wa bima. Hakupiga kelele. "Kule. Kitu cha rangi ya machungwa."

Lilikuwa jaketi. Na ndani ya jaketi alikuwamo mtu, amelala chali, mikono imetandazwa, miwani nyeusi imepandishwa kwenye paji la uso. Tulipokaribia hakupiga makelele wala kurusha mikono. Aliinua mkono mmoja tu, kama mtu anayemwita muuzaji dukani. Saa nane kasoro dakika tano. Tangu tumwache, alikuwa amekaa majini karibu saa tatu na nusu.

Tulimpandisha. Midomo ilikuwa imepasuka kwa chumvi na vidole vimekunjamana, lakini alipanda ngazi mwenyewe, mguu kwa mguu. Mume wangu alimfunika blanketi. Nilimletea chai, akaishika kwa mikono iliyotulia kuliko yangu. Wote tulikuwa tunatetemeka isipokuwa yeye. Pezi aliketi sakafuni akalia kama mtoto mdogo, na huyo mama ndiye aliyembembeleza.

"Nisameheni," Bibi Mkunga alisema. "Nimewaharibia siku. Nilimfuata kasa nyuma ya mwamba nikajisahau. Mtu mzima mimi, sina adabu."

"Usijali, mama," alisema nahodha. "Bahari ndivyo ilivyo. Mtu akijitenga kidogo na kundi, inamvuta." Alimwambia yeye, lakini macho yake yalipita juu ya kichwa cha mama yakanitazama mimi. Jicho lile nililielewa. Boti moja inalisha nyumba tatu: yake, yetu na ya mama yao. Boti inayosahau watu baharini hainyimwi wageni tu, inanyang'anywa leseni.

Bwana wa bima alikuwa ameshatulia kiasi cha kuwa yeye tena. "Kwa hiyo alijitenga," alisema. "Kosa halikuwa la boti."

"Ndivyo," alisema nahodha.

"Ni langu mimi," alisema Bibi Mkunga, akitabasamu kwa midomo yake iliyopasuka. "Andika hivyo."

Kunyamaza kusingekuwa kusema uongo, kungekuwa kunyamaza tu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria chakula kilichopoa jikoni. Lakini aliponigeukia akasema, "Asante kwa chai, mwanangu," nikasogea karibu naye.

"Hukujitenga, mama," nilisema. "Sisi tulikuacha. Mimi nilikuacha."

"Shemeji," alisema nahodha.

"Niache niseme." Nikapiga magoti mbele ya Bibi Mkunga ili nisisimame juu yake nikimwambia jambo kama lile. Nikamweleza: kamba iliyokatika, msumari, kidole changu juu ya miwani kavu. Nikamweleza mpaka la pazia, na jinsi nilivyowakemea wenzake wasimwamshe. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, na mkono wake ulikuwa begani kwa kaka yake, sijui kwa kumtuliza au kwa kumzuia.

Bibi Mkunga alinisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama mtu aliyepewa jibu lisilolingana na swali.

"Lakini nilikusikia," alisema.

"Ulinisikia?"

"Ukihesabu. Nilikuwa nimeinua kichwa, nawatafuta. Nikakusikia waziwazi mpaka kumi na mbili. Nikasema, alhamdulillahi, na mimi nimo. Wanajua nilipo." Akapuliza chai, ingawa ilikuwa imepoa. "Maji yalikuwa yameshanishika. Mlipoondoka sikushtuka hata kidogo. Kijana si alisema mtazunguka mtupokee nje? Nikalala chali, nikawangoja. Mlipochelewa nikasema labda kuna wengine wamechukuliwa, wanawaokota wao kwanza. Kazi yangu imekuwa kungoja, mwanangu. Nilikuwa nawaambia wazazi vilevile: usishindane, tulia, tupo hapa."

Ningeweza kuishia hapo. Mpaka leo sijui kama ingekuwa huruma au uoga.

"Hatukuwa tunazunguka, mama. Tulikuwa tumekwenda zetu. Nilijua hupo saa sita kasoro robo, nilipotaka kutengeneza miwani yako."

Alinitazama. Nikaona akipiga hesabu, kutoka saa nne na nusu hadi saa sita kasoro robo, na kutoka hapo hadi tulipomwona.

"Kwa hiyo nilipokuwa nawangoja," alisema polepole, "hapakuwa na mtu duniani aliyejua kwamba niko majini."

"Hapakuwa na mtu."

Hapo ndipo alipoanza kutetemeka. Ilianzia mikononi, chai ikamwagika kwenye blanketi, kisha mabega, kisha taya, mpaka meno yakawa yanagongana tunayasikia wote. Bwana wa bima akavua koti lake. Nikanyoosha mikono nimshike.

"Niache kwanza, mwanangu," alisema.

Nikarudi nyuma kidogo, nikakaa sakafuni mahali anaponiona. Mume wangu akashuka kuwasha injini.